Ukurasa wa Shukrani

Matroni alikisoma kitabu cha mkwewe mtarajiwa siku tatu mfululizo, kalamu mkononi, na siku ya nne akapiga simu kumwita chakula cha mchana.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Na uje na njaa. Maneno yatafuata."

Manesi waliofanya kazi chini yake kwa miaka thelathini wangemwambia Daktari kwamba mwito wa namna hiyo haujawahi kumwacha mtu salama. Lakini Daktari hakuwa nesi. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu, wa kufundisha chuo kikuu, na wasomi nao wana ujinga wao wa peke yao. Alidhani anaitiwa kupanga siku ya harusi.

Tusimcheke sana, alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Miaka tisa alikuwa na Mwalimu, kijana wa kwanza wa Matroni. Kijana kwa mamaye, maana kichwani mvi zilishaanza kuulizana njia. Harusi ilikuwa imesogezwa mara tatu, na mara zote msogezaji alikuwa Daktari, na sababu ile ile: kitabu kiishe kwanza. Sasa kitabu kimeisha. Kimechapwa, kimezinduliwa mwezi uliopita katika ukumbi mdogo wa chuo, watu wamepiga makofi, wamekunywa soda, wamekwenda zao. Matroni alikuwa amekaa nacho wiki zote hizo akisubiri miwani yake mpya itoke kwa fundi. Duniani hakukubaki kisingizio.

Hata hivyo Daktari alipanda ngazi za nyumba ile kwa kuburuta miguu. Uchovu wake haukuwa wa asubuhi moja. Miaka kumi na miwili alikuwa akiandika juu ya mawakili wa Uchina waliokamatwa kwa kuwatetea watu, na zaidi juu ya wake zao, wanawake waliozunguka ofisi hadi ofisi wakiuliza waume zao wako wapi. Nchi yenyewe hakuruhusiwa kuikanyaga. Mara tatu aliomba viza, mara tatu pasipoti ikarudi tupu kama ilivyokwenda. Basi akawa anawafuata wanawake wale huko walikokimbilia, katika vyumba vya kupanga, simu zote zikifungiwa ndani ya friji kwa kuogopa zisiwe na masikio. Halafu anarudi nyumbani na huzuni ya watu wengine kifuani, anakuta mitihani tisini ya wanafunzi inamsubiri mezani. Asubuhi hiyo alisahihisha arobaini, na macho yalikuwa yanamwaka.

Aliyefungua mlango ni wifi yake, mdogo wake Mwalimu, mfamasia, binti asiyejua kunyamaza.

"Wifi yangu, pole. Kitabu kimenona, mwenyewe umekonda."

"Kimenila, wifi. Mama yukoje leo?"

"Ameingia jikoni tangu saa mbili, hataki msaada." Wifi alishusha sauti. "Mama akipika peke yake, ujue kuna mtu atalia."

Mwalimu alikuwa ameshakaa mezani. Siku zote Daktari alipoingia mahali alipo mwanamume huyu, macho ya Mwalimu yalimpokea kabla mdomo haujasema kitu, na mabega ya Daktari yalishuka yenyewe kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kwa mtazamo huo alikuwa amevumilia mengi. Leo Mwalimu alisema, "Karibu," akaitazama glasi yake ya maji. Daktari aliona, akavuta kiti akakaa.

Walikula kuku na viazi. Matroni hakuwa mtu wa kuharibu chakula kwa maneno, kwa hiyo aliwaacha washibe, akauliza habari za mitihani, akalaumu bei ya dawa, akamwongezea Daktari minofu asiyoiomba. Sahani zilipobaki na mifupa, aliinuka akaenda chumbani. Alirudi na kitabu. Kilikuwa kimechomekwa vipande vya karatasi vyeupe, kila kimoja kimeandikwa kitu kwa mwandiko wa hospitali.

"Nimekimaliza chote," alisema. "Siwezi kusema nimeelewa kila kitu. Lakini yule mama wa sura ya nne, aliyepeleka nguo safi za mumewe kituoni kila Jumatatu, na kila Jumatatu wakamrudishia. Huyo nilimlilia. Niliweka kitabu chini nikamlilia."

"Ahsante, mama."

"Usinishukuru bado." Matroni alivaa miwani mipya, akafungua kurasa za mwisho. "Maana hapa pana ukurasa wa shukrani. Nisome?"

Hakungoja jibu. Alisoma kwa sauti ile aliyokuwa akisomea zamu za usiku na mchana, kila neno likasimama wima.

"Unamshukuru mkuu wa idara. Sawa, ni mkubwa wako. Unawashukuru wakutubi. Unamshukuru fundi wa mashine ya nakala, kwa uvumilivu wake. Hapa unamshukuru mama mwenye nyumba aliyekupangisha ulipokuwa mwanafunzi, Mungu amrehemu. Halafu unasema, nisikilizeni, 'na paka wa jirani, aliyenisindikiza saa zote nilizoandika.'"

Wifi alicheka, akaona hakuna mwenzake, akameza kicheko na maji.

"Paka nimemwona," Matroni aliendelea. "Mwanangu sikumwona. Nikasema labda miwani mipya haijazoea, nikavaa ya zamani. Nikampa huyu binti asome. Hayumo."

"Mama, ipo sababu," Daktari alisema.

"Sababu haikosekani, hata mwizi anayo. Siku ya sherehe yako mimi nilikalishwa mstari wa mbele, nikapewa na ua. Mwanangu alikaa nyuma kabisa, karibu na mtungi wa kuzimia moto. Na yule bwana wa gazeti alipokuuliza, huyu ni nani, ulimjibuje? Nilikuwa nimesimama pale pale."

Daktari aliitazama meza. Alikumbuka vizuri mno. "Nilisema ni mwenzetu wa chuo cha lugha."

"Mwenzetu," alisema Matroni, taratibu. "Miaka tisa. Huyu ndiye aliyekusomea kila karatasi, ndiye aliyekutafsiria Kichina mpaka kikohozi kikamshika. Nilikuwa namsikia chumbani kwake. Mwenzetu."

"Mama," Mwalimu alisema.

"Niache nimalize. Mimi nimezalisha watu, Daktari, nayajua ya kuficha. Walikuja wasichana wamejifunga mashuka tumboni miezi tisa. Mficha uchi hazai. Na huyu wangu si uchi, ni mtu mzima mwenye kazi yake na adabu zake." Alivua miwani. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Unamtaka, au humtaka? Kama humtaka, sema leo. Nimchukue mtoto wangu nimtafutie pengine angali na meno."

Maneno hayo yalimchoma Daktari kuliko alivyotegemea. Alifungua mdomo, na kwa kuwa jibu lilikuwa refu na lenye historia, mdomo ukabaki wazi. Mwalimu aliinuka akaanza kukusanya sahani.

"Inatosha, mama."

"Haitoshi."

"Inatosha. Mimi naosha vyombo." Kisha bila kumtazama Daktari, "Njoo unisaidie kukausha."

Jiko la Matroni lilikuwa jembamba, watu wawili wakiingia lazima wapishane kwa ubavu. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Mwalimu alikunja mikono ya shati, akaanza na glasi, akiziosha moja moja. Daktari alishika kitambaa akasimama karibu naye, kwa ukaribu ule ambao siku nyingine ungekuwa raha.

"Ulishauona ukurasa ule?" aliuliza.

"Siku ya pili baada ya uzinduzi. Nilikwenda duka la vitabu nikausoma nimesimama. Watu wote huanzia hapo. Wanaosema hawaanzii hapo ni waongo."

"Mwezi mzima hukuniambia kitu."

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Glasi ilipita kutoka mkono kwenda mkono. Daktari aliikausha, akaiweka, akapokea nyingine.

"Nilikuwa nakulinda," alisema mwishowe.

"Najua."

"Kama unajua, kwa nini umenuna?"

"Sijanuna. Nimechoka."

Na alikuwa anajua kweli, kwani hadithi yenyewe alikuwa ameisikia mara nyingi. Katika makala ya kwanza kabisa ya Daktari, wakati huo akiwa msichana mwenye haraka ya kuwashukuru watu, aliandika mstari mmoja wa ahsante kwa mtafiti kijana wa kule aliyemtafutia hati za mahakama. Mstari mmoja, kwa nia njema. Miezi sita baadaye kijana yule akaitwa, akaulizwa maswali siku mbili, akatoka hana kazi. Barua yake ya mwisho ilikuwa na sentensi fupi: tafadhali usiniandikie tena. Tangu hapo Daktari akawa bingwa wa kuwafuta watu. Kila aliyemhoji aligeuka herufi na namba. Mji ulibadilishwa, kazi ikabadilishwa, mwenye watoto watatu akapewa wawili. Alijifunza kazi hiyo mpaka ikamwingia damuni, na kitu kikishaingia damuni hakichagui tena ofisini wala nyumbani.

"Wewe kila Desemba unapeleka wanafunzi kule Uchina," alisema. "Wiki sita. Ukirudi Januari unakuwa mtu mpya, hata kutembea kwako kunabadilika. Una yule mzee wako aliyekufundisha. Ningekuweka katika kurasa zile mara moja tu, wangekufungia mlango kama walivyonifungia mimi. Ningeishije na hilo?"

"Nani alikuomba unilinde?"

"Mtu halindwi kwa kuomba."

"Wale wanawake uliwauliza." Mwalimu aliacha kuosha. "Nilikuwepo, nilikuwa natafsiri. Kila mmoja ulimkalisha, ukamuuliza anaogopa nini, anataka kufichwa wapi, kipi kibaki, kipi kitoke. Yule wa sura ya nne akakuambia hataki kufichwa hata kidogo. Ukabishana naye saa nzima, ukalia, mwishowe ukamsikiliza. Umehoji watu wangapi katika maisha yako?"

"Mia mbili na kitu."

"Mia mbili na kitu. Mimi hujaniuliza swali hata moja."

 Daktari alikuwa mtu wa kujibu maswali kwa mshahara, na sasa alisimama jikoni kwa mama mkwe akikausha glasi iliyokwisha kukauka.

"Nilipokuwa dukani pale," Mwalimu aliendelea, sauti imeshuka, "nilijiambia, kama ukurasa mmoja unamtisha namna hii, cheti cha ndoa je? Tangazo lake linabandikwa ubaoni, watu wanasoma. Nataka uniambie ukweli, si wa mama, wa kwangu. Harusi uliisogeza kwa ajili ya kitabu?"

Hapo tena, wasomaji wangu, ndipo mtu hupata nafasi ya kusema uongo mzuri na kuokoa siku. Daktari alikuwa amechoka hata kwa uongo.

"Hapana," alisema. "Kitabu kingeisha kisingeisha, tungeoana. Ni Desemba. Kila mwaka nilijiambia, safari hii ipite kwanza. Aende tena mara moja, amwone mzee wake, ndipo tufunge ndoa wamfungie mlango. Mwaka unaofuata nikajiambia hivyo hivyo. Nilikuwa naona nakupa zawadi, Mwalimu. Nilikuwa naiona hivyo kabisa."

Alimpenda, hilo halina ubishi. Alimpenda kiasi cha kukubali kumkosa kwa mafungu, mwaka baada ya mwaka, ili asipoteze kile alichopoteza yeye. Na mapenzi ya namna hiyo ni mazito kuyabeba, na ni mazito vilevile kwa anayebebwa.

Mwalimu alifunga bomba.

"Hakuna safari ya Desemba," alisema.

"Vipi hakuna?"

"Fomu ya viza ina mahali pa mke au mchumba. Miaka yote naacha wazi. Wiki ile baada ya duka la vitabu nilipajaza. Nikakuandika wewe, nikaandika na kazi unayofanya, na walipouliza maandishi yako nikakitaja kitabu." Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa kitambaa kilikuwa pale. "Jana mkuu wangu ameniita. Viza za wanafunzi wote zimepita. Yangu imerudi."

"Wamesema kwa nini?"

"Hawakusema."

"Hawasemi," Daktari alisema. Akakaa kwenye kigoda cha Matroni, kitambaa mapajani.  Kisha hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyezunguka na yai mkononi miaka tisa, halafu mwenzake akaligonga kwa makusudi.

"Ulifanya hivyo bila kuniuliza."

"Ndiyo."

"Miaka tisa naushikilia mlango ule usifungwe. Tukipigwa picha nasogea pembeni. Watu wakitutazama nakupa nafasi kama mtu baki. Naumwa, nakwenda hospitali peke yangu nisionekane nawe. Na wewe umeufunga kwa kalamu ya wino, asubuhi moja."

"Ndiyo."

"Kwa hasira."

"Siku ile nilikuwa na hasira, sikatai. Nilitaka uone inavyokuwa mtu kuamuliwa jambo lake." Mwalimu aliegemea karo. "Leo hasira imeisha, fomu haifutiki."

Daktari alitaka kusema neno kali, akakuta neno la kweli ndilo lililo karibu. "Na mzee?"

Swali hilo lilimgusa Mwalimu mahali ambapo Matroni na ukali wake wote hakuwa amepafikia. Mzee yule, mwalimu wake wa kwanza wa Kichina, alikuwa na miaka themanini na mitatu, mjane, anaishi ghorofa ya sita isiyo na lifti. Kila Desemba Mwalimu alipanda ngazi zile jioni, wakakaa wawili karibu na birika la umeme la kuchemshia maji, mzee akimsahihisha matamshi yale yale aliyomsahihisha akiwa na miaka ishirini.

"Nilimpigia jana," alisema. "Nikamwambia mwaka huu siji. Akaniuliza, mwakani? Nikasema tutaona. Mzee yule si mjinga. Akaniambia nivae nguo nzito, kana kwamba ninakuja."

Akalia. Hakulia kwa sauti; alisimama tu, mikono kwenye karo, machozi yakidondokea kwenye povu la sabuni. Daktari aliinuka akamkumbatia kwa nyuma, shavu mgongoni kwake, akasikia joto la shati na moyo ukipiga chini yake. Alikuwa bado na hasira naye. Alimkumbatia nayo hiyo hiyo.

"Tumekoseana kosa moja sisi wawili," alisema mgongoni pale.

"La kwangu baya zaidi."

"La kwako lina wiki tatu. La kwangu lina miaka tisa."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko chenye kamasi. Walibaki vile, watu wawili wazima waliochoshwa na wema wao wenyewe. Sebuleni kulikuwa kimya mno, na kimya cha nyumba yenye Matroni na bintiye maana yake ni masikio yako kazini.

"Unataka nini?" Daktari aliuliza. Aliona jinsi swali lenyewe lilivyo dogo, na jinsi lilivyochukua muda kufika. "Nakuuliza. Sikuamulii."

Mwalimu alifikiri. Alichukua muda wake wote, kama alivyokuwa akifikiri juu ya neno gumu la Kichina kabla ya kulitia katika lugha nyingine.

"Nataka kujua mlango ule nimeufunga kwa ajili ya mtu aliyepo," alisema, "au nimeufunga bure."

Daktari alimwachilia. Akaweka kitambaa mezani, akajipangusa macho kwa viganja, akatoka kwenda sebuleni na nywele zake za asubuhi ya mitihani na vidole vya wino mwekundu.

Matroni alikuwa kwenye kochi, gazeti mkononi. Wifi alikuwa dirishani, ameingia katika uchunguzi mkali wa pazia. Hakuna aliyedanganyika.

"Mama," Daktari alisema, amesimama. "Umeniuliza kama namtaka. Namtaka. Nimemtaka siku zote, nikawa namtaka vibaya. Nimekuja kukuomba mwanao."

Gazeti lilishuka.

"Ngoja kwanza usikie na kasoro zangu, usije ukasema hukuambiwa. Kazi yangu imenifungia mimi nchi ile, sasa imemfungia na yeye. Safari ya mwaka huu hakuna, na sidhani kama itakuwepo nyingine. Yule mzee wake huenda wasionane tena. Sina cha kumlipa kwa hilo, mama. Nimetafuta, sina."

Matroni aligeuza kichwa akaangalia mlango wa jikoni. Uso wake ulibadilika. Ukali ulitoka, akabaki mama anayejua mtoto wake anarudije nyumbani kila Januari.

"Kweli hatakwenda tena?"

"Sidhani, mama."

"Na wewe kazi hiyo utaiacha?"

Wifi aligeuka kutoka kwenye pazia. Swali lilikuwa la haki, na kila mtu chumbani alijua jibu gani lingempendeza mwulizaji. Daktari alilitamani. Angelala usiku. Angesoma mambo ya kilimo, au ya mashairi ya kale, au asisome kitu kabisa. Angeacha kuamka na nyuso za wanawake wanaouliza waume zao wako wapi.

"Hapana," alisema. "Imenichosha mpaka mifupani, lakini siiachi. Wale wanawake bado wanazunguka. Nikiiacha nitakuwa nimewafuta kabisa."

Matroni alimtazama kitambo kirefu, macho yale yaliyowahi kupima watu wa kila aina wakiwa hawana nguo wala majivuno.

"Basi angalau hudanganyi," alisema. "Ungesema unaiacha, ningekufukuza. Mtu anayeiacha kazi yake kwa ajili ya mume, mwaka wa tatu anamlisha mume huyo sumu ya maneno." Alikunja gazeti. "Lakini kwangu umekosea mlango. Mimi nilimzaa tu. Mwombe mwenyewe."

Daktari aligeuka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono inadondosha maji sakafuni, macho mekundu. Na macho hayo yalikuwa yanamtazama yeye, moja kwa moja.

"Nimechelewa?" Daktari aliuliza.

"Umechelewa," Mwalimu alisema. "Umechelewa sana."

Akavuka sebule. Hakusema kwamba amemsamehe, maana hakuwa na uhakika, wala hakuwa ameombwa kusema. Alimfikia, akamshika mkono, akaegemeza paji lake la uso kwenye bega la Daktari kwa uzito wote wa mtu asiyelala vizuri kwa mwezi mzima, na hapo akabaki.

Matroni alikuwa anawatazama. Wifi alikuwa anawatazama, mkono mdomoni. Pazia lilikuwa wazi, na upande wa pili wa barabara jirani fulani alikuwa ameacha kuanika nguo ili aone vizuri zaidi.

Daktari hakusogea.